Nani Ampe Jina Mtoto wa Mnkande

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo hata kaka na dada zenu waliiona kwa macho yao, palikuwa na milima miwili inayotazamana, Kwanjeka na Hemtindi. Juu ya kila mlima palikuwa na kibanda cha redio ya upepo, na katika kila kibanda alikaa msikilizaji. Kwanjeka alikaa Bi Namsemo. Hemtindi alikaa Bwana Shekiondo. Bondeni kulikuwa na vijiji, kila kimoja na redio yake ndogo ya betri. Vya upande huu viliita Kwanjeka, vya upande ule viliita Hemtindi, na vyote vilitumia wimbi moja. Kutoka mlimani kwenda bondeni maneno yalishuka bila taabu. Taabu ilikuwa kupanda.

Redio ya kijiji ilikuwa na kigurudumu cha nguvu chenye alama tano. Sheria ilikuwa nyepesi: sema kwa nguvu inayotosha kusikika kwenye mlima wako, usizidishe, maana ukizidisha sauti yako inavuka bonde na kumziba masikio msikilizaji wa mlima wa pili. Ukiambiwa ongeza, unaongeza. Ukiambiwa punguza, unapunguza. Lakini binadamu mnatujua. Mtu kuambiwa punguza, bonde zima linasikia, aliona ameambiwa nyamaza. Kijiji kimoja kikapanda alama ya tano. Jirani naye akapanda, asionekane mnyonge. Wa ng'ambo nao wakapanda, wawakomoe hao. Mwisho wote wakawa wanapiga kelele na kusikika ikawa bahati. Wakalaumiana, kisha wakazoea.

Asubuhi moja ya masika, Mnkande wa Mazugha akashikwa na uchungu. Mazugha ni kijiji cha mpakani, cha mbali kabisa kati ya vinavyoita Kwanjeka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga wa kijiji akasema wazi kwamba hili limemshinda, na gari la kituo cha afya lisipotoka Kwanjeka mapema, watazika wawili.

Mumewe, Hoza, akakimbilia redio. Betri ilikuwa imechoka. Akiweka alama ya tano, inatoa neno moja na kuzimika. Majirani wakamwambia apandishe tu, apandishe. Hoza akashusha mpaka ya tatu, ambako betri iliweza kubeba maneno machache, akayarudia pole pole: Mazugha. Mzazi. Gari. Mazugha. Mzazi. Gari.

Saa hiyohiyo, ng'ambo kidogo tu, Mbelwa wa Kighunda alikuwa kwenye alama ya tano akiita Hemtindi. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, na dereva wa lori la majani ya chai alikuwa Hemtindi akingoja Mbelwa amwelekeze njia ya juu, kona kwa kona. Chai ya kijiji kizima ilikuwa kwenye lundo. Isipochukuliwa asubuhi ile, inageuka nyeusi na kutupwa. Mbelwa alikuwa na haki ya kusema. Lakini sauti yake ilivuka bonde na kumfunika Hoza.

Kule Kwanjeka, Bi Namsemo alimsikia Mbelwa, ambaye si mtu wake, na chini ya Mbelwa akasikia kitu chembamba, kama mtu anayekwaruza mlango. Masika yaliyopita alisikia kitu kama hicho, akanyamazisha vijiji vyote, akatuma gari, na kumbe ilikuwa mvua kwenye waya. Watu wakamwita Mama Mvua. Wakubwa wake wakamwambia akirudia tena, kiti kile atakaa mwingine.

Bi Namsemo akainua simu ya waya iliyounganisha vibanda viwili.

"Bwana Shekiondo, mteremshe mtu wako. Kuna mtu wangu chini ya sauti yake."

"Una hakika, dada?"

"Sina."

Kighunda ndiko alikozaliwa Shekiondo, na kwenye lundo lile kulikuwa na kapu la mama yake. Hata hivyo akashika redio. "Mbelwa, teremka alama ya kwanza. Sababu nitakupa baadaye."

Mbelwa hakuwa amewahi kuteremshwa maishani mwake. Alijua akiwa alama ya kwanza Hemtindi haitamsikia. Akawatazama akina mama waliokaa kando ya makapu yao. Akazungusha.

Bonde likatulia, na Bi Namsemo akasikia: Mazugha. Mzazi. Gari. Akaagiza gari litoke. Kabla Mbelwa hajaambiwa apande tena, dereva wa lori la chai, alipokosa wa kumwelekeza, akageuza. Majani yakawa meusi. Mchana, kwenye kituo cha afya, Mnkande akajifungua, na wote wawili wakawa hai.

Arobaini ilipokwisha, Mnkande na Hoza wakawaita wale watatu. Mtoto hana jina, wakasema. Anayestahili ndiye atakayempa.

Bi Namsemo akasema, "Mimi nilisikia. Ningeogopa kuchekwa mara ya pili, leo tungekuwa matangani."

Shekiondo akasema, "Ulisikia mtu wako, na kusikia ni kazi yako. Mimi niliwanyima watu wangu kwa ajili ya mtu asiye wangu, tena kwa neno la mtu asiye na hakika. Mpaka leo mama ananipakulia chakula bila kunitazama."

Mbelwa akasema, "Nyie mlisema. Mkono uliozungusha ni huu."

"Lakini hukujua kama kuna mzazi," Shekiondo akamjibu. "Ulitii tu."

"Ningejua, kungekuwa na ugumu gani? Hata mwizi angepunguza. Mimi nilipunguza bila kujua."

Hapo mlangoni wakasikika akina mama wa Kighunda, waliokuwa wamekuja kumwona mtoto. Mkubwa wao akauliza kwa upole mbona wao hawaulizwi, maana chai ilikuwa yao, si ya Mbelwa. Walimwona akizungusha, na hakuna aliyemshika mkono kumzuia.

Mnkande akawatazama wote, akashindwa kuchagua. Aliwapenda wote.

Tangu siku ile bondeni hakuna anayekaa alama ya tano bila sababu. Mlima ukisema punguza, mtu anapunguza, halafu anauliza, "Nani anapita?" kama anavyompisha mwenzake njiani. Siku hizi hata betri chovu ya Mazugha inasikika. Na yule mtoto anatembea, anakimbiza kuku, anaitika akiitwa Mtoto. Mwakani anaanza shule, na mwalimu ameshasema jina hilo hatalikubali.

Haya, nyie mliokaa kunisikiliza. Aliyesikia bila hakika, aliyewanyima walio wake, aliyepunguza bila kujua, au wale waliotazama chai yao ikiharibika wasiseme neno? Mnkande anangoja. Nani ampe mtoto jina?