Ngozi Iliyojua Wanyama Walalapo

Jamani, hili sikusimuliwa. Nililiona mwenyewe, nimejibanza juu ya mkwaju.

Zimwi alimpa mwindaji Mbaruku ngozi iliyochorwa nchi yote. Ukimtaja mnyama, doa la damu hutokea mahali atakapolala.

"Ila mimi usiniulizie, bwana mwindaji," zimwi akamwonya.

Mbaruku akataja paa. Doa likatokea bondeni, akamuua. Akataja nyati, doa likatokea mtoni, akamuua. Mara ya tatu akajigamba: "Zimwi ni mnyama tu! Ngozi, atalala wapi?"

Doa likatokea nyumbani mwake Mbaruku, alimomwacha mkewe Mwanakheri.

Akakimbia, akimsikia mkewe akilia, "Mume wangu, njoo!" Akakuta chungu kinachemka, zimwi amejilaza, tumbo limevimba.

Moja tu nimelitunga, kile kilio: Mwanakheri hakulia. Hakuwahi hata kugeuka.