Ndoano za Gari la Harusi

Paa la uani halijui upepo. Mmeisikia leo methali hiyo kwa shangazi yenu, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Imetoka kwa baba yangu, na siku iliyoileta mimi nilikuwa nimevaa shela.

Baba alikuwa fundi wa magari Korogwe. Gari la harusi lilikuwa moja tu mjini, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Paa hilo hushikwa mbele, juu ya kioo, na ndoano mbili. Ndoano zenyewe zilikuwa zimelika, nyembamba kama kucha. Za kuchonga upya zilitaka siku mbili, na harusi yangu ilikuwa kesho yake.

Baba akafanya walivyofanya mafundi wote wa pale. Akakata mpira wa tyubu, akauzungushia kila ndoano, akafunga. Wanaume wawili wakaning'inia kwenye paa, halikucheza. Akaniambia hata kimbunga hakiling'oi.

Kwetu baba wa bibi harusi haendi na msafara. Anamuaga mwanawe mlangoni, anabaki. Kwa hiyo garini tulikuwa mimi, somo yangu aliyenifunda, Bi Mashavu, na dereva, Mhina.

Barabara ya Mombo imenyooka. Mhina akaongeza mwendo. Nikasikia mluzi mwembamba juu ya kioo, mara lori likatupita, kisha jua likanipiga usoni. Sikuelewa. Paa lote lilikuwa limenyanyuka na kupinduka nyuma. Ndoano moja ilichomoka ikampiga Mhina juu ya jicho, damu ikamfumba, gari likaacha lami. Tulisimama ndani ya mkonge, tairi moja likining'inia juu ya mtaro. Nikashika kichwa, shela halipo.

Mhina akapelekwa hospitali. Wenzetu wa msafara wakataka nihamie gari jingine, nikakataa. Lori la mkonge likalivuta lile gari mpaka nyumbani, nami nikarudi nalo.

Baba alitoka uani akatukuta. Akatazama damu kwenye usukani, akatazama kichwa changu kitupu.

"Baba, ulilijaribu?"

"Nililijaribu, mwanangu. Si waliningʼinia watu wawili?"

"Wapi?"

Akanyoosha kidole chini.

"Hapa hapa uani," akasema. "Na walilivuta chini. Upepo unasukuma juu."

Akakaa chini kwenye mafuta ya gari, na kanzu yake ya harusi, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Harusi ikasogezwa mbele siku nne. Baba akachonga ndoano mpya za chuma, mpira hakuugusa. Siku ya kuondoka, Mhina akashika usukani, bandeji kichwani. Nikapanda. Baba naye akafungua mlango wa mbele, akaketi. Mjomba akamuuliza kama siku hizi na yeye anaolewa. Watu wakaangua kicheko.

Njia nzima mkono wake ulikuwa juu, kwenye ndoano. Lori likatupita pale pale penye mkonge. Nikafumba macho. Paa likatulia.

Tulipofika, wakwe wakashangaa kumwona. Wakamuuliza tangu lini baba akasindikiza binti yake. Akashusha mkono, ukiwa umekufa ganzi.

"Msinicheke," akasema. "Paa la uani halijui upepo."