Kwa Nini Kibwe Alijibana

Ngano, wenzangu!
— Ilete, tumeshakaa!
Mbichi au mbivu?
— Mbivu, inukie!

Hapo kale palikuwa na mtoto wa pimbi, jina lake Kibwe. Pimbi wote walikwenda haja ukingoni mwa jabali moja. Asubuhi moja Kibwe kachuchumaa, mara akasikia meno chini yake: kwa! kwa! kwa! Fisi! Kibwe mbio, haja kairudisha ndani.

Siku ya pili akajibana. Siku ya tatu akajibana. Siku ya nne tumbo likawa gumu kama jiwe, na uchafu mwepesi ukavuja wenyewe, chururu, kwenye majani ya kulalia.

"Mtukutu huyu!" akasema shangazi yake. "Anafanya makusudi. Mchape, wifi!"

Mama akamchapa. Kibwe akawa mkali, akawauma wenzake, akasusa chakula. Akazidi kujibana, na uchafu ukazidi kuvuja.

Mama akaitupa fimbo, akamkalisha karibu. "Mwanangu, kule jabalini kuna nini?"

"Kuna Fisi, mama." Akalia mpaka kwikwi.

Mama akamlisha papai bivu, akamnywesha maji. "Kesho tutakwenda wote."

Kulipokucha tumbo likaanza: gu-gu-gu! Wakaenda. Fisi yuko chini ya ukingo, udenda unamtoka.

"Kibwe, shuka nikule!"

Kibwe akarudi nyuma. Akamtazama mama yake, mama akamshika mkono. Ndipo akasema, "Bwana Fisi, mimi mifupa mitupu. Ila nina uji wa siku tano, sijamwonjesha mtu."

"Wote wangu!"

"Nisimbakizie hata mama?"

"Hata tone!"

"Basi fumba macho, panua kinywa."

Fisi akapanua, aaa! Kibwe akachuchumaa. Pwaaa! Machoni, puani, kooni! Fisi akatimka akipiga chafya mpaka mtoni, chubwi! Hakurudi tena.

Kibwe akajiona mwepesi, akaenda kucheza, wala hakumuuma mtu. Majani yalichafuka mara mbili tatu hivi, mama akayabadilisha tu. Kisha yakabaki makavu.

"Mnaona?" shangazi akatangaza. "Fimbo ile imemtibu!"

Ngano yangu nimeitua. Mwenye kichwa kipana aibebe.

Na funzo lake ni hili: mtoto akijichafua, mchape, usimuulize kitu. Ila ukishamchapa, usikae chini yake.