Mtungi wa Banyani

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mwinjuma, mkata mikoko wa Mbwera, aliujua msemo huo tangu utotoni, lakini nani hukumbuka misemo akiwa na panga mkononi?

Mwaka ule wa Maji Maji alikuwa msituni na wapiganaji, kibuyu kidogo cha maji ya dawa kikining'inia shingoni. Alijifariji kwamba mkewe Zamda na mwanawe Tamimu wako salama kwa wakwe zake, Mahege. Ndipo zikaja habari kwamba katika hekalu la Shiva, mungu wa Wahindi, lililojengwa na Mabanyani wa kale kwenye kisiwa mdomoni mwa mto, kuna mtungi unaodondosha maji kutwa kucha juu ya jiwe jeusi wanaloliabudu. Wakubwa wa kikosi wakakata shauri: maji yale yanaitangua dawa yetu. Tone moja likidondoka kule, risasi moja inapenya huku. Mwinjuma, ambaye nduguye alikuwa ameuawa kwa risasi juzi tu ilhali ameoga dawa, alijitolea kwenda kuuvunja.

Aliingia adhuhuri, macho yamejaa jua, asione vizuri. Lalji, Banyani mzee mtunza hekalu, alinyoosha mikono kumzuia. Mwinjuma akampiga kikumbo, akashusha panga. Mtungi ukapasuka na maji yakatapakaa sakafuni.

Nyuma ya jiwe mwanamke akaangua kilio. Mwinjuma aliijua sauti ile. Zamda alijitokeza akitambaa, midomo imempasuka kwa kiu. Alichovya ncha ya kanga katika maji yale, akaikamulia kinywani mwa Tamimu aliyekuwa akiwaka homa.

"Baba Tamimu," alisema, "Mahege kumechomwa. Tulikuja kukutafuta, mzee huyu akatuficha. Maji ya hapa yote ni ya chumvi. Matamu yalikuwa hayo tu."

Mwinjuma aliokota kitako cha mtungi. Tundu la kudondoshea lilikuwa limezibwa kwa nta.

"Nililiziba siku mtoto alipokuja, wiki nzima sasa," alisema Lalji, akijifuta vumbi. "Mungu wangu hafi kwa kiu. Mtoto hufa."

Aibu ilimchoma Mwinjuma kuliko moto. Alikifungua kibuyu cha dawa, akamnywesha mwanawe. Yalikuwa mafunda mawili tu. Kisha akaomba chungu, maana ilimbidi apige kasia kuupanda mto hadi kwenye maji matamu, ayateke, mahali walipopiga kambi askari wa Mjerumani, na safari hii bila dawa shingoni.

Zamda hakumzuia, wala hakumtazama. Nje jua lilikuwa la utosi, lakini Mwinjuma alitoka akipapasa ukuta kama kipofu. Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.