Duma Nyamizi na Kipupwe Kilichokuja na Joto

Paukwa!

— Pakawa!

Hao ni watoto peke yao. Watu wazima mmemeza ndimi zenu? Paukwa!

— Pakawa!

Sasa nimesikia. Sogeeni karibu. Hadithi hii ni ya mbio, na mbio hazimsubiri anayepiga miayo.

Hapo zamani za kale, katika Bonde la Igunda, aliishi duma jike. Jina lake Nyamizi. Nyamizi alikuwa mwembamba kama fito. Kichwa kidogo, mkia mrefu. Akisimama, utasema huyu mgonjwa. Akikimbia, hutasema kitu, maana ameshapita. Fyuu!

Nyamizi aliishi na mama yake, Bi Kabula. Huyo Bi Kabula alikuwa mwindaji wa sifa. Bonde zima lilimjua. Lakini mwaka ule pundamilia alimpiga teke. Kwa! Mguu wa nyuma ukavunjika, ukaunga vibaya. Ikawa anatembea kwa miguu mitatu, wa nne anauburura. Mguu uliharibika, lakini heshima yake haikuguswa.

"Sisi duma," alizoea kusema, "hatuli mizoga. Hatuombi. Hatunyang'anyi. Tunachokula, tumekikimbilia wenyewe."

Na Nyamizi akawa ndiye anayekimbia kwa ajili ya wawili.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka kipupwe kikiingia, upepo wa baridi hushuka kutoka milimani, na swala huwa na harusi. Ndiyo, harusi! Madume huacha kula. Huacha kulala. Shingo zinawavimba, macho yanawatoka. Jua likishapanda na kuwapasha moto kidogo, hutembea mchana kutwa wakitafuta majike, huku wananguruma: hro! hro! hro! Na mwenye mapenzi hatazami nyuma. Basi wawindaji wa Igunda hawakuwa na kazi kubwa. Waliamka wakati wanaotaka, wakajinyoosha, wakaenda kukaa kando ya njia za swala. Chakula kilijileta chenyewe.

Bi Kabula alikuwa na wimbo wake wa msimu huo. Mimi naimba, nyinyi mnaitikia "watembee!"

Kipupwe, kipupwe, shuka!

— Watembee!

Wenye pembe, wenye shingo!

— Watembee!

Adhuhuri, njia kuu!

— Watembee!

Vizuri. Mmeimba kuliko duma wenyewe.

Mwaka ule kipupwe kikaingia. Majani yakapukutika. Nyasi zikawa manjano. Swala wakaota manyoya yao mazito ya baridi, kama kawaida yao. Lakini baridi yenyewe haikuja! Upepo haukushuka milimani. Jua likawaka. Likawaka utosini, likawaka mgongoni, mawe yakawa hayakanyagiki.

Wawindaji wakaenda kukaa kando ya njia. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, vumbi tupu na nzi. Hakuna hro. Hakuna pembe. Hakuna hata mkia.

Wakakutana penye kichuguu kikubwa. Alikuwapo Chui, walikuwapo mbwa mwitu, alikuwapo Fisi Lugembe. Lugembe alikuwa na sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa huonekana ana akili.

"Jamani," akasema Lugembe, "mwaka huu swala hawana harusi. Wamehama. Wamevuka mto. Twendeni ng'ambo kabla hatujafa hapa."

"Twendeni!" wakasema mbwa mwitu.

"Twendeni," akasema Chui, ingawa si kawaida ya Chui kumfuata mtu.

Nyamizi akauliza, "Bwana Lugembe, wewe umewaona wakivuka?"

"Sikuwaona wakivuka. Wewe unawaona hapa?"

Wakacheka wote. Nyamizi akasema, "Leo nimepita kivukoni. Tope ni laini, lakini hakuna alama hata moja ya kwato. Swala wote wale wangepita vipi bila kukanyaga?"

"Binti," akasema Lugembe, "baki na tope lako. Mama yako hana mguu, wewe huna akili. Mnafaa kukaa pamoja. Ukitaka, nitawaachia ngozi ya nyati ya juzi, mama yako aitafunetafune."

Nyamizi akahisi damu inampanda kichwani. Akataka kujibu. Lakini Bi Kabula, aliyekuwa amelala kando, akainua shingo taratibu. Akamtazama Lugembe kuanzia masikio mpaka kwato, kisha akakumbuka kwamba fisi hana kwato, akamtazama makucha.

"Lugembe," akasema. "Safari njema."

Basi. Lugembe akageuka, na wengine wakamfuata, wakashuka mtoni mmoja mmoja.

Bonde likabaki kimya. Wakabaki wawili, na njaa ikawa ya tatu.

Nyamizi akasema, "Shikamoo mama. Leo niwinde wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nenda njia kuu. Ngoja jua lifike utosini. Misimu kumi nimewinda hivyo, na bibi yako kabla yangu. Kipupwe, swala hutembea adhuhuri."

Nyamizi akaenda. Alikuwa mtoto mtiifu. Akalala kwenye nyasi, jua likamchoma mgongo. Akangoja. Akangoja. Mara, swala kijana akachomoka kichakani, mbio mbio kukimbilia kichaka kingine.

Nyamizi akaruka. Fyuu! Hatua kumi, hatua ishirini, hatua hamsini. Swala yuko hapa, karibu amguse. Lakini joto! Joto lilimwingia kwenye mapafu kama moshi. Miguu ikawa mizito. Macho yakaona giza. Akajikwaa, akabiringika, pu! Swala akatokomea.

Nyamizi hakuweza hata kuinuka. Akatambaa. Akajiburura mpaka kwenye korongo lenye vichaka vinene, akajitupa kivulini. Heh! heh! heh! Alihema, ulimi nje. Akafikiri, "Leo nakufa. Na mama atakufa baada yangu."

Hapo akasikia kitu.

Hro... hro...

Sauti ndogo, ya uvivu. Nyamizi akageuza kichwa. Mnafikiri aliona nini? Swala! Swala tele! Wamejaa korongo zima, wamelala kivulini, midomo wazi, wanahema kama yeye. Na hatua kumi mbele yake alilala dume kubwa, shingo nene kama gogo. Huyo ni Mapembe, bwana harusi mkuu wa Igunda.

Mapembe akamwona duma. Duma akamwona Mapembe. Wakatazamana.

"Utanikimbiza?" akauliza Mapembe.

"Siwezi," akasema Nyamizi. "Utanikimbia?"

"Nami siwezi. Mimi nimevaa manyoya haya, wewe huoni? Nikikimbia juani nitaiva kabla hujanikamata."

Wakahema. Heh. Heh.

Nyamizi akasema, "Wenzangu wamesema mmehama. Wamesema mwaka huu hakuna harusi."

Loo! Mapembe akakasirika. "Hakuna harusi? Nani kasema? Mimi Mapembe, na shingo yote hii, mwaka upite bila harusi? Harusi ipo, tena imepamba moto! Nina majike kumi na saba. Jana tu nimempiga dume la bondeni pembe tatu. Mapenzi hayazuiwi na jua, binti. Ila nani atacheza ngoma juani amevaa koti?"

"Basi mnacheza saa ngapi?"

Mapembe akafungua mdomo ajibu. Jike mmoja akakohoa, khm! Mapembe akaufunga. "Hilo," akasema, "kaliulize jua."

Nyamizi hakuuliza tena. Alimtazama tu, kama mwindaji anavyotazama. Akatazama kwato zake. Zilikuwa na udongo uliogandamana, udongo ulioshikwa ukiwa umelowa. Akatazama magoti. Mbegu za nyasi zilikuwa zimenata, zikakaukia palepale. Akafikiri, "Mvua hakuna. Uwandani kumekauka mchana kutwa. Maji yaliyomlowesha ni maji gani?"

Nyinyi watoto, maji gani hayo?

— Umande!

Ehee! Umande. Na umande uko lini? Alfajiri, na punde tu baadaye, kabla jua halijaulamba.

Jua liliposhuka kidogo, nguvu zikamrudia Nyamizi. Akaondoka polepole, bila kumgusa mtu, maana ndani ya vichaka vile duma hana pa kukimbia. Mapembe akacheka nyuma yake. Alidhani ameshinda.

Nyamizi akamweleza mama yake yote. Akamalizia, "Mama, kesho nitaondoka kabla ya jua."

Bi Kabula akakunja uso. "Alfajiri? Wakati wa kipupwe? Misuli inakuwa imekakamaa kwa baridi. Utajivunja kama nilivyovunjika mimi."

"Mama, baridi yenyewe iko wapi?"

Bi Kabula akasema, "Kwa hiyo nilivyokufundisha ni uongo."

"Hapana, mama. Ulinifundisha kumfuata swala. Sasa swala amebadili saa. Nikibaki kwenye saa ya zamani, nitakuwa namfuata nani?"

Bi Kabula akampa mgongo, akalala. Nyamizi naye akalala na njaa yake.

Alfajiri, mbingu ilipoanza kupauka, Nyamizi akainuka. Nyasi zimelowa. Hewa tamu, nyepesi, inaingia kifuani bila kubisha hodi. Akatembea. Na kabla hajafika uwandani, akasikia.

Hro! Hro! Hro! Kwa! Kwa! Hro!

Harusi! Harusi nzima, jamani! Madume wanapigana pembe, majike wanakimbizwa huku na huku, vumbi haliruki kwa sababu ya umande. Kumbe kila alfajiri shughuli ilikuwa hapa, na wawindaji walikuwa wamelala, wanakoroma!

Nyamizi akashuka tumbo chini. Akanyata. Nya, nya, nya. Akasimama. Akanyata tena. Upande wa mashariki kulikuwa kumeshaanza kuwa kwekundu. Alijua jua likitoka tu, harusi inavunjika, kila mmoja anarudi korongoni. Muda ulikuwa mfupi. Lakini hakuharakisha.

Mapembe alikuwa katikati, amemshinda dume mwingine, anamfukuza. Anatamba. Jike akapiga mluzi wa hatari, pfyuu! Lakini Mapembe atasikiaje, naye ananguruma? Hro! hro! hro!

Nyamizi akatoka.

Fyuu!

Mapembe akamwona. Akaruka kulia. Nyamizi akatupa mkia, akageuka naye. Mapembe akaruka kushoto. Mkia, Nyamizi akageuka naye. Mapembe hakuwa dume la mchezo. Alikimbia vizuri, alikimbia kama mfalme. Lakini hewa ilikuwa baridi, na kifua cha Nyamizi kilikuwa kipana. Hatua mia, bado ana pumzi. Hatua mia mbili, bado. Akanyoosha mkono, akamgusa kisigino. Tii! Mapembe akayumba. Pu! Wakaanguka pamoja, na Nyamizi akamshika koo, akashikilia mpaka kila kitu kikatulia.

Jua likatoka.

Akainua kichwa amwite mama yake, chiu! chiu! Hakuhitaji. Nyasi zikatikisika, Bi Kabula akatokea, miguu mitatu, mwili mzima umelowa umande. Alikuwa amemfuata tangu alipoondoka.

"Nimeona," akasema Bi Kabula.

Akamsogelea mwanawe, akamlamba damu na vumbi usoni, kama alivyomlamba siku alipozaliwa. Wakala. Walikula mpaka wakashiba.

Siku ya sita wawindaji wakarudi. Loo, mbavu unazihesabu! Ng'ambo nako lilikuwa jua lilelile, na kimya kilekile cha mchana. Wakawakuta duma wawili wamelala kivulini, manyoya yanang'aa.

Fisi Lugembe akameza mate. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Bi Kabula, shikamoo. Wewe ni mkongwe wa kazi hii. Tuambie, mmewapata wapi?"

Wote wakamtazama. Bi Kabula angeweza kusema lolote, na wangeamini. Lakini alisimama, akajiweka sawa juu ya miguu yake mitatu.

"Msiniulize mimi," akasema. "Mimi nilikosea. Nilimtuma adhuhuri, nusura nimuue. Aliyejua ni huyu. Mwulizeni mwanangu."

Basi wakamgeukia Nyamizi. Hakuwacheka. Aliwaambia wazi, "Swala hawajahama. Harusi ipo palepale. Joto limewafunga mchana, wanacheza alfajiri. Anayetaka, aamke kabla ya jua anifuate. Anayependa usingizi, abaki nao."

Kesho yake alfajiri wote walikuwa macho. Nyamizi akatangulia, mwembamba, mkia mrefu. Nyuma yake Chui. Nyuma ya Chui mbwa mwitu. Nyuma kabisa Lugembe, akikanyaga polepole asivunje hata kijiti.

Bi Kabula hakwenda. Alikaa juu ya kichuguu, akawatazama wakiingia kwenye umande. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye, lakini alisema hata hivyo, tena kwa sauti:

"Mnamwona yule wa mbele? Nimemzaa mimi."

Basi, ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Jambo likibadili saa yake, usiseme limekufa. Fungua macho, utazame nyayo, uamke mapema ulifuate kwa saa yake mpya. Na wewe mzee, mwanao akikupita kwa kuona, usione aibu. Sema, tena mbele za watu, kwamba amekupita.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu ibebeni mwende nayo, na kama ina chumvi pungufu, niachieni mimi mwenyewe.