Mla Matangani na Mkeka wa Marehemu

"Mla matangani haombi matanga yaishe." Mmelisikia leo msibani, mkacheka kwa sababu wenzenu walicheka, na sasa mmenijia mnaniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Mwajabu, toa mguu wako juu ya ukili wangu wa mkeka, utaukunja.

Methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa Kitopeni, mama yangu akiwa bado kigori.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na mitano, jina lake Mwanaidi. Mama yake alishona mikeka ya harusi, na hakuna bibi harusi wa hapa aliyetaka mkeka wa mwingine. Mama yule aliugua wiki moja tu, akafa. Mkeka aliokuwa akiushona ulibaki nusu, umeviringishwa, umewekwa darini.

Sasa sikilizeni desturi, maana hapa ndipo penye shina. Mshonaji akifa na kazi haijaisha, huimaliza mwanawe. Lakini kwanza mwana avue kaniki ya msiba na aufagie ua, iwe matanga yameanuliwa. Akiumaliza mkeka ule, nafasi ya mama ni yake, na wenye harusi watakuja kwake. Ila arobaini ikipita na mwezi mwingine ukaandama angali na kaniki yake, mkeka hupewa aliyekaa naye matangani. Wazee waliona ni haki, aliyemliwaza mfiwa naye apate kitu. Hawakufikiri mbali, Mungu awarehemu.

Basi akaja Mishi. Miaka yake kumi na tisa, mkono wake wa kushona mzuri, lakini wateja hana. Kabla ya msiba hakuwahi kupiga hodi nyumba ile hata siku moja. Siku ya mazishi alimkumbatia Mwanaidi akalia naye, na tangu hapo akahamia pale. Akawa anamchemshia maji ya kuoga, analala naye kitanda kimoja, na Mwanaidi akianza tu kulia, Mishi ana upande wa kanga tayari. Nani angekataa? Mtoto kafiwa, na nyumba haina mtu mwingine.

Wiki ya pili maneno yakaanza. "Mama yako mdogo Nuru nimemkuta kisimani anacheka. Kaburi la dada yake hata halijakauka!" Nuru huyo alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Siku nyingine Mishi akasema, "Nilimkaribisha ndani, akaniambia amechoshwa na vilio vyako." Mwanaidi akaacha kumsalimu Nuru. Halafu akaacha kuitikia hodi ya mtu yeyote. Kila aliyekuja alimshuku, huyu kaja kuchukua nini? Wote aliwashuku, isipokuwa yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Siku moja kuku aliingia chunguni akatoka na ukoko kichwani, Mwanaidi akasahau, akacheka. Mishi alimtazama, akasema polepole, "Mama angekuona." Kicheko kikaishia hapo. Arobaini ilipofika, akamwambia, "Kuvua kaniki leo ni kumwambia mama yako, nenda zako." Mtoto akabaki na kaniki yake. Hata leo nikilisimulia hili hasira zinanipanda.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, Mishi aliingia na bakuli la mbaazi za nazi. Alisema, kama kila siku, kwamba amezipika mwenyewe kwao. Mwanaidi akaonja, akaweka kijiko chini. Ndani yake mlikuwa na embe bichi la kukunwa. Kitopeni nzima watu wawili tu walitia embe bichi kwenye mbaazi, marehemu mama yake na Nuru.

"Shoga, leo umetia nini humu?"

"Nazi, chumvi, pilipili kidogo. Kwani hazijakolea?"

"Zimekolea. Basi?"

"Basi. Kula mwenzangu, utakwisha."

Akala. Mishi alipokwenda kuteka maji, Mwanaidi alijitanda kanga akakimbilia nyumba ya tatu.

"Mama mdogo, nani anatuletea chakula?"

Nuru aliinuka, ukili ukamponyoka. "Wee mtoto! Si mimi? Kila siku nampa Mishi mlangoni. Ananiambia hutaki kuniona, kwamba sura yangu inakukumbusha marehemu. Nikasema basi, nisikutoneshe kidonda."

Wakalia wote wawili, kilio ambacho walipaswa kulia pamoja tangu siku ya kwanza.

Siku ya mwisho, alasiri, washonaji walikuja kuutoa mkeka. Mishi alikwisha kukaa mbele, kajitanda vizuri. Wakamkuta Mwanaidi uani, kavaa kanga nyekundu ya mama yake, anafagia.

Mishi akaruka. "Mwanaidi! Umechanganyikiwa? Jamani mwacheni, ana uchungu, hajui alifanyalo! Matanga bado!"

Mwanaidi aliendelea kufagia mpaka ufagio ukafika miguuni pa Mishi.

"Uchungu ninao, na nitakuwa nao. Lakini mla matangani haombi matanga yaishe."

Mishi aliwatazama wale akina mama mmoja mmoja, akaondoka bila hata kuaga. Nuru akapanda darini kuuteremsha mkeka.

Mimi nilimwahi Mwanaidi akiwa mzee. Nilidhani ataniambia alivyofurahi siku ile. Akaniambia, "Mjukuu wangu, machozi yangu aliyafuta kweli, tena vizuri kuliko wote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Kwa hiyo mkifiwa, na mtafiwa, akija wa kuwaliwaza msimfukuze. Mtazameni tu siku mtakapocheka kwa mara ya kwanza. Anayekupenda atacheka nawe. Huyo mwingine atakurudisha kaburini, kwa sauti laini kabisa, maana mla matangani haombi matanga yaishe.