Ufunguo Mmoja kwa Waliofuzu

Visiwa vya Sange vina watu wachache hivi kwamba msiba mmoja hufunga maduka yote, lakini watatu kati yao walijaliwa. Mwalimu Shaame alijaliwa macho: akimwona binti anaruka mtaro, anajua kama atacheza winga. Bi Raiya alijaliwa moyo wa kutoa. Mwanakheri, kipa, alijaliwa viganja. Mpira ukifika pale, umefika kwao, hautoki.

Mwalimu alizunguka visiwa vyote kwa miguu na kwa mashua miezi saba akiunda timu ya taifa ya wanawake, maana nchi kubwa huchagua wachezaji, Sange huwatafuta. Akapata mabinti kumi na saba, basi, nchi imekwisha. Akafukuzwa kazi kwa utoro, na nyumba ya shule akanyang'anywa.

Bi Raiya aliuza nyumba yake, kwa kuwa serikali haikuwa na nauli wala viatu. Sasa analala sebuleni kwa dada yake.

Mwanakheri alikuwa ndani na mtoto wa siku thelathini na moja, na kipa mwingine hakuwapo nchi nzima.

"Arobaini haijatimia, mwanangu," mama mkwe alimlilia. "Unatoka na mwili mbichi hivyo?"

"Nisipokwenda mimi, mama, nani? Niambie, nani?"

Akaenda na mtoto mgongoni, anaogopa kila hatua, maziwa yanalowesha jezi.

Ugenini mashabiki waliwacheka. "Nchi yenu nzima inakaa jukwaa lile, na siti zinabaki!"

"Basi tuachieni hizo siti," Mwanakheri akawajibu.

Sange walihitaji sare tu. Yalipigwa mashuti ishirini na mawili, halikupita hata moja. Wakafuzu fainali za bara.

Waziri akawapa hao watatu zawadi moja: nyumba ya chumba kimoja, ufunguo mmoja, kuuza marufuku. "Kubalianeni hadi kesho saa nne. Mkishindwa, inarudi serikalini."

Wakakaa kwenye ngazi za wizara, wamechoka hata kugombana.

"Bila mimi mngecheza na nani?" akauliza Mwalimu.

"Na bila mimi mngefikaje, kwa kuogelea?" akasema Bi Raiya.

Mwanakheri alitaka kunyamaza, ila chumba alichopanga kinavuja, mtoto anakohoa tangu safari, basi maneno yakamtoka kwa mpigo: "Bila mimi mngefungwa kumi, na huyu nimemtoa nje kabla ya siku zake, akifa je, Bi Raiya, akinifia mikononi kwa sababu ya mpira?"

Bi Raiya akampokea mtoto, akamfunika kwa mtandio wake. Hakusema kwamba anamwachia nyumba. Mwalimu naye akatazama viatu vyake vilivyotoboka. Ufunguo upo pale kwenye ngazi, katikati yao, hakuna aliyeugusa.

Je, wewe ungeamua vipi? Ukiona haya kusema mbele za watu, ninong'onezee. Sitamwambia mwingine.